Gari la Baba halikuwa fupi

Fundi alipiga magoti mchangani, akaegemeza ncha ya tepu kwenye kitovu cha gurudumu la mbele, akaivuta wima hadi ukingo wa madigadi. Akasoma namba, akainuka, akaiandika kwa chaki kwenye ukuta wa gereji. Akalizunguka gari zima hivyo hivyo, taratibu, bila kusema neno. Mwarobaini uliotufunika ulikuwa ukidondosha majani juu ya boneti.

Ukutani zikabaki namba nne, kwa sentimita. Mbele kushoto 49. Mbele kulia 46. Nyuma kushoto 48. Nyuma kulia 44 na nusu.

Akajipangusa vidole kwenye ovaroli, akaniuliza: "Mwanangu, hili gari wataka liinuke, au wataka lirudi?"

Nilikwenda pale na jibu langu mfukoni: inchi 4, basi. Nikarudi nyumbani bila jibu.

Swali hilo nimelala nalo na kuamka nalo kwa wiki sita.

## Kigongo cha njia ya Marafa

Gari ni Land Cruiser 60 ya mwaka 1986, dizeli, injini ile ya 2H ya mitungi sita. Lilikuwa la Baba. Sasa ni langu, na msimu wa maembe ndilo linalotulisha. Navuka daraja la Sabaki alfajiri, naingia Marafa na Garashi, napakia ngowe na boribo, kabla ya adhuhuri niko sokoni Malindi.

Mvua za vuli zikipita, malori huchimba mifuo miwili katika njia ile, na katikati hubaki kigongo cha udongo mwekundu. Kikiwa kibichi unakipita ukitereza. Kikikauka kinakuwa saruji.

Desemba iliyopita nilikuwa na makreti 30 nyuma niliposikia tumbo la gari linaanza kukwaruza. Kwanza kidogo, kama mtu anayechana gunia. Kisha gari likasimama, magurudumu ya nyuma yakazunguka bure, na mimi nikabaki nimeshika usukani nikiangalia kioo. Tulipakua makreti yote 30 kandokando ya njia. Vijana wawili waliokuwa wakipeleka mbuzi malishoni walinisaidia, na sikuwa na la kuwapa ila maembe.

Wakati tunachimba kwa jembe, rafiki yangu mmoja akapita na gari la aina ile ile, lililoinuliwa inchi 4, tairi kama za trekta. Alipita juu ya kigongo kile kama hakipo, akasimama mbele, akanivuta kwa kamba.

Tangu siku hiyo nikaliona gari letu fupi. Kila nilipoliegesha kando ya jingine nililitazama kwa jicho lile.

## Sheko

Lazima niseme nilichofanya kabla ya kufika kwa fundi wa mwarobaini, maana ndicho kilichonipeleka kwake.

Nilitafuta njia ya bei nafuu. Gari hili limekaa juu ya springi za mabapa, vyuma vipana vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, mbele na nyuma. Ncha moja ya springi imefungwa kwa pini kwenye chesisi, ile fremu ya chini ya gari, ncha ya pili inaning'inia kwenye sheko, vile vipande viwili vya chuma vinavyocheza springi inapojinyoosha. Fundi mmoja akanishauri tuweke sheko ndefu zaidi kwa sentimita 5. Kazi ya asubuhi moja. Nikakubali.

Gari liliinuka sentimita mbili na nusu. Nilidhani nimepunjwa, lakini hesabu ndiyo hiyo: ekseli, ule mhimili unaobeba magurudumu, iko katikati ya springi, na unapoishusha ncha moja tu huku ya pili imesimama, katikati hupata nusu.

Hilo si lililoniumiza.

Siku ya tatu nilikuwa naelekea Gede, mwendo wa 80 hivi. Basi la Mombasa likanipita. Upepo wake ukalisukuma gari kushoto, nikarudisha usukani kulia, gari likaenda kulia zaidi ya nilivyotaka, nikarudisha tena. Mara tatu nne hivi, na Mama yuko kiti cha pembeni ameshika dashibodi kwa mikono miwili. Hakusema kitu hadi tulipofika. Akashuka, akaniambia, "Baba yako hakuwa akiendesha hivi."

Nilijua siendeshi tofauti na Baba. Gari ndilo lililobadilika.

Kwenye gari hili sheko za mbele ziko upande wa bampa. Ukizirefusha, ncha ya mbele ya springi inashuka, na ekseli nzima inazunguka kidogo, kichwa chake kikiinamia mbele. Mafundi huita mlalo ule kasta. Kiwandani ekseli ya mbele huegemezwa nyuma kidogo ili magurudumu yajirudishe yenyewe katikati, kama yanavyofanya ya kitoroli cha dukani. Nilikuwa nimeula mlalo huo kwa sentimita mbili na nusu za urefu. Usukani ukawa mwepesi, nami nikausifu wepesi wake kwa siku mbili nzima.

Kuna kabari za chuma za kurudisha mlalo huo. Lakini nilipofika hapo nikajiuliza, nitabandika dawa juu ya dawa hadi lini?

## Kisichoinuka

Fundi wa mwarobaini alinilaza chini ya gari na tochi. Sikupenda, nilivaa kanzu nikitokea msikitini, lakini nilikwenda.

Akaniuliza, "Lilikwaruza wapi?"

Nikamwonyesha. Difu ya nyuma, lile bonge la gia katikati ya ekseli, ilikuwa na mchubuko mweupe sehemu ya chini. Mbele yake, chuma kinachobeba giaboksi kilikuwa na udongo mwekundu uliogandamizwa hadi ukang'aa.

"Hiki," akagonga chuma cha giaboksi, "springi yaweza kukuinulia. Hii," akagonga difu, "springi haiinui hata unywele. Weka inchi 2, weka inchi 6, difu iko pale pale."

Nililala pale nikitazama juu, nikaona aibu ya kutolifikiria jambo lililo wazi namna ile. Ekseli imekaa juu ya magurudumu. Springi imefungwa kwenye ekseli. Ukiirefusha springi unainua vilivyo juu yake: chesisi, bodi, injini, maembe na Mama. Difu haiinuliwi ila na tairi.

Na tairi hutoa nusu tu. Mimi nilikuwa na 265/75 R16, kipenyo chake milimita 804 hivi zikiwa mpya. Zile nilizotamani, 285/75 R16, zina 834. Tofauti ni milimita 30, na difu iko usawa wa katikati ya gurudumu, kwa hiyo ingepata 15. Kwa milimita 15 ningelipa tairi tano za bei juu, gari lizito la injini isiyo na tabo ya kuiongezea nguvu lizidi kuvuta kwa taabu, na tairi zianze kusugua kwenye springi nikikata kona.

Fundi akapitisha kidole kwenye tairi yangu ya nyuma. Meno yake yalibaki milimita tatu.

"Hapa umeshapoteza sentimita nzima," akasema.

## Vali inayosoma urefu

Hili ndilo lililonigeuza kabisa, na wanaoinua magari sijawasikia wakilitaja.

Kwenye chesisi, karibu na ekseli ya nyuma, kuna vali ndogo ya breki. Kutoka kwake kuna fimbo nyembamba iliyofungwa kwenye ekseli. Unaweza kuliendesha gari miaka 20 bila kuiona. Kazi yake ni kugawa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma. Gari likiwa tupu, sehemu ya nyuma ni nyepesi, na breki za nyuma zikishika sana magurudumu yatajifunga na kuteleza. Likiwa na mzigo, nyuma inahitaji breki zaidi.

Vali inajuaje kuna mzigo? Haina mizani. Inaangalia chesisi imeshuka kiasi gani kuelekea ekseli. Chesisi ikishuka, fimbo inasukumwa, vali inafungua.

Sasa inua gari sentimita 10. Pakia makreti 30. Vali inaona chesisi iko juu, inaamini gari ni tupu, inazibania breki za nyuma. Unateremka kuelekea Sabaki na zaidi ya nusu tani ya maembe mgongoni, na karibu kazi yote inafanywa na breki za mbele. Vali hiyo inarekebishika, unahamisha mahali inapofungwa au unabadilisha fimbo. Ila lazima aliyeinua ajue ipo.

Kisha fundi akaniambia upande wa pili wa habari hiyo. Gari langu lilikuwa limeshuka. Vali yangu, kwa miaka, ilikuwa ikiamini gari lina mzigo hata likiwa tupu.

Nikakumbuka masika ya mwaka jana, barabara imelowa, gari tupu, nilipogusa breki na mkia ukaniondokea kuelekea mtaroni. Nililaumu tairi. Nilimlaumu hata mwenye mkokoteni aliyekuwa mbele yangu.

Usiku ule sikulala vizuri.

## Mizani

Nilianza kujiuliza swali ambalo lingetakiwa kuwa la kwanza: gari hili linabeba nini, na siku ngapi kwa mwaka?

Upande wa Gongoni, kwenye mashamba ya chumvi, malori hupimwa kila siku. Niliomba kwa adabu, nikaruhusiwa kupita mizanini mara mbili. Unapandisha magurudumu ya mbele peke yake, wanasoma. Kisha gari zima. Kisha ya nyuma peke yake.

Likiwa tupu, na mimi ndani na tangi limejaa: kilo 1,090 mbele, 1,050 nyuma. Likiwa na makreti 30 ya kilo 22: mbele 1,120, nyuma 1,680.

Nilizitazama namba hizo muda mrefu. Mbele haibadiliki sana. Nyuma inapokea karibu mzigo wote. Wauza springi wanaojua kazi yao, kama wale Waaustralia wa Old Man Emu, huzipanga kwa uzito: nyepesi, za kati, nzito. Nilikuwa nataka nzito, kwa sababu mwanamume akiulizwa atasema nzito. Lakini springi za nyuma zilizotengenezwa kwa mzigo wa kudumu, gari likiwa tupu, hazilegei. Zinarusha. Mtu wa kiti cha nyuma anahisi kila kokoto, na tairi linaruka pale lilipotakiwa kushika ardhi.

Maembe ni miezi minne ya mwaka, safari mbili kwa wiki. Siku zilizobaki gari hili linabeba watu.

## Mbao

Mama ana goti la kulia linalomsumbua. Kupanda gari ana utaratibu wake: mkono wa kushoto kwenye mpini wa mlangoni, mguu mzima kwanza, pumzi, kisha anajivuta.

Nilichukua mbao za unene wa inchi 2, nikaziweka chini ya magurudumu yote manne. Nikamwita. Akapanda, akasema hewani leo ni kuzuri.

Nikaongeza mbao za pili. Sikumwambia kwa nini. Akashika mpini, akainua mguu, akaushusha. Akauinua tena. Akaugusisha ukingoni, akabaki hivyo ameukunja, mkono wake ukitetemeka kwenye mpini. Kisha akaushusha polepole, akalisawazisha buibui lake.

"Hapa sipandi, mwanangu. Nitafutie kigoda."

Niliwaza vidaraja vya pembeni vya kukanyagia. Lakini vidaraja vinaning'inia chini ya bodi, na njia ya Marafa ingevichukua msimu wa kwanza. Ningekuwa nimeinua gari kisha nikaning'iniza vyuma kwenye nafasi ile ile niliyoilipia.

Nikaziondoa mbao. Jioni hiyo nilikuwa najua jibu, ila sikuwa tayari kulikubali. Nilikuwa bado namwona rafiki yangu akipita juu ya kigongo.

## Bapa la nne

Nilimwambia fundi tufungue springi za nyuma tuone. Hapo ilikuwa bado naweza kubadili nia.

Kwanza alipita na nyundo kwenye chesisi yote, akigonga kila shubiri na kusikiliza. Pwani hii chumvi haimwachi mtu. Chuma kizima kinalia. Kwenye kishikio cha springi ya nyuma kulia nyundo ikatoa sauti ya boga. Akagonga tena kwa ncha, ikazama.

Tundu la kuingia vidole viwili, kwa ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Kama ningefunga springi ngumu zaidi pale, zingekuwa zinapigana na karatasi.

Kulichomelea bamba la milimita 4 kulikula theluthi ya pesa nilizoweka kando. Sikubishana.

Kisha ikashuka springi yenyewe. Akakata zile yubolti, bolti za umbo la U zinazoibana springi kwenye ekseli, akafungua bolti ya katikati, mabapa yakaachana na vumbi la kutu. Akayapanga chini moja moja, kama mtu anayepanga samaki. Alipofika la nne, likatoka vipande viwili.

Lilikuwa limevunjika katikati, karibu na tundu la bolti. Mvunjiko wenyewe ulikuwa mweusi na umelainika kwa kusuguana. Wa zamani. Lilikuwa limevunjika Baba angali hai, limebanwa na wenzake juu na chini, likaendelea kufanana na zima. Ndiyo maana upande ule ulisoma 44 na nusu.

Nilikishika kipande kimoja mkononi. Bapa zima lililobaki, lililotakiwa kuwa na upinde kama wa jahazi, lilikuwa limelala sawa kama rula.

Miaka yote ile nilidhani gari limeinama kwa uzee.

## Nilichochagua

Kuna waliopendekeza tuyapinde upya mabapa ya zamani kwa nyundo. Yanapindika, na kwa miezi michache gari linapendeza, kisha chuma kilichochoka kinarudi kilipozoea kulala. Kuna waliopendekeza vipande vya chuma kati ya ekseli na springi. Nyuma vinawekwa, japo ukikanyaga mafuta kwa nguvu ekseli hujizungusha na kuisokota springi. Mbele ni hatari tupu, kwenye breki kali kipande kinaweza kuchomoka. Na kuna ile ya kuihamisha springi ikae juu ya ekseli badala ya chini yake, maana kiwandani iko chini. Gari linapaa hasa. Usukani wote, propela na paipu za breki lazima zifuate, na nimemwona mtu aliyefanya hivyo vizuri. Haendi sokoni na gari lile.

Mimi nilinunua springi mpya za urefu wa kiwandani. Nyuma, za uzito wa kati, zenye bapa nene la chini ambalo halishiki kazi mpaka mzigo uingie. Bushi mpya, yubolti mpya kwa sababu za zamani zilishavutika, shokabzoba za urefu wa kawaida. Sheko za asili zikarudi mahali pake. Tairi nikachukua 235/85 R16, nyembamba, urefu wake karibu sawa na zile za mwanzo zilipokuwa mpya.

Rafiki yangu alipoona, akaniuliza nimeinua inchi ngapi. Nikamwambia sijainua. Alinyamaza, kisha akanihurumia kwa macho. Iliniuma. Nisidanganye, hata leo akinipita kwenye maji ya mto nitaumia tena, maana kuna siku ambapo zile inchi zake zitavuka na mimi nitabaki ng'ambo nikisubiri maji yapungue.

Fundi akapiga magoti na tepu yake. Mbele 51, kushoto na kulia. Nyuma 51 na nusu, pande zote mbili. Mahali palipokuwa na udongo uliogandamizwa, chini ya giaboksi, nilikuwa nimepata zaidi ya sentimita 5. Kwenye difu karibu sentimita moja, ile ya tairi.

Wiki iliyofuata nilikwenda Marafa. Kigongo kipo pale pale. Safari hii sikuingia kwenye mifuo: niliweka magurudumu ya kulia juu ya kigongo chenyewe na ya kushoto kwenye ukingo wa njia, nikapita polepole nimeinama upande, mfuo wa kushoto ukiwa chini yangu. Baba alikuwa akipita hivyo. Nilikuwa mtoto kiti cha nyuma, na nilidhani anacheza.

Baada ya kilomita 400 nilirudi chini ya mwarobaini kukaza yubolti, kwa sababu springi mpya hujipanga na nati hulegea. Kwenye springi tatu hazikusogea. Kwenye ya nne, nyuma kulia, upande wa bamba jipya, nati moja ilizunguka karibu nusu duara kabla ya kubana. Fundi akaitia alama ya rangi nyeupe. Akapima tena: nyuma imeshuka nusu sentimita, sawasawa pande zote. Akaziandika ukutani chini ya zile za kwanza, akaniambia nirudi mwanzo wa Novemba, kabla makreti hayajaingia.